Yameisha au yameshuka? Kisa cha madoa meupe katika tangi la maji ya bahari

Kangaja, samaki mpya niliyemnunua, aliingia tangini Jumamosi jioni. Jumatatu ya siku ya 17 nilimkuta kitatange amelala ubavu nyuma ya jiwe, amekufa. Kati ya siku hizo mbili kuna siku ya 6, ambayo nilifurahi sana kwa sababu madoa meupe yalikuwa yametoweka. Nimeandika kisa hiki chote kwa ajili ya siku hiyo ya 6, maana ndiyo iliyogharimu uhai wa samaki wawili, na najua wapo wafugaji wengine ambao leo wanafurahi kama nilivyofurahi mimi.

Tangi lenyewe ni la lita 400, na wakati huo lilikuwa na umri wa miezi kumi. Maji yalikuwa nyuzi 26, chumvi gramu 35 kwa lita. Ndani kulikuwa na mawe, mchanga wa matumbawe wa kina cha sentimita 4, matumbawe hai, konokono, na kamba wasafishaji wawili. Samaki walikuwa watano: jozi ya Amphiprion ocellaris, wale wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, ambao nitawaita amfiprioni; kitatange mdogo wa jenasi ya Centropyge; Halichoeres wa manjano, anayejifukia mchangani kila taa zikizimwa; na mandarini, Synchiropus splendidus, ambaye wangu hakuwahi kukubali chakula chochote isipokuwa vijidudu hai. Wote walikuwa wamekaa miezi zaidi ya minne bila ugonjwa wowote.

Wa sita ndiye kangaja wa buluu, Acanthurus leucosternon. Nilimtazama kwa muuzaji kwa karibu nusu saa. Alikula mwani, mapezi yalikuwa yamekunjuka, macho maangavu. Tangi langu la karantini lilikuwa limejaa vipande vya matumbawe nilivyokuwa nakuza, na kwa kuwa samaki alionekana mzima, nilimzoesha maji kwa dakika 40 kisha nikamwachia moja kwa moja kwa wenzake. Nilijua kwamba makangaja wana magamba madogo mno na ute mwembamba, na kwamba vimelea vya ngozi huwaanza wao. Nilijua, na bado nikafanya hivyo.

Siku ya 4 niliona madoa matatu kwenye pezi lake la kifuani, kila moja dogo kama punje ya chumvi. Alikuwa akijikuna kwenye jiwe, anapita kwa kasi na kujisugua ubavu. Siku ya 5 madoa yalikuwa kama kumi. Nikaanza kumlowekea mwani kwenye maji ya kitunguu saumu, kama wengi wanavyoshauri. Siku ya 6 asubuhi hakukuwa na doa hata moja.

Nilimpigia simu mzee mmoja aliyefuga samaki wa bahari tangu mimi nikiwa mtoto.

“Shikamoo mzee. Yule kangaja amepona. Madoa yote yameisha.”

“Marahaba, mwanangu. Yameisha, au yameshuka?”

Akaniambia niwatoe samaki wote siku hiyo hiyo. Kuwatoa wote maana yake ni kubomoa mawe niliyoyapanga kwa miezi, na samaki walikuwa wanakula vizuri. Nikamshukuru, na sikufanya kitu.

Kilichokuwa kikiendelea chini

Kimelea hiki kinaitwa Cryptocaryon irritans. Ni kiumbe cha seli moja chenye nywele ndogo ndogo zinazokisukuma majini. Mtu asipouelewa mzunguko wa maisha yake, kila anachokiona kwa macho kitampotosha, kwa hiyo hapa sitaharakisha.

Doa jeupe tunaloliona ni hatua ya kwanza, trofonti. Kimelea hakikai juu ya ngozi. Kinajipenyeza chini ya tabaka la juu la ngozi au la matamvua, kinajizungusha humo na kula seli na majimaji ya samaki. Doa ni ngozi ya samaki iliyovimba kukizunguka. Ndiyo sababu dawa nyingi za kumwaga majini hazikigusi kikiwa hapo, na ndiyo sababu hata kumchovya samaki kwenye maji baridi yasiyo na chumvi hakukitoi. Kinakula kwa siku 3 hadi 7. Mwanzoni ni kidogo mno, hakionekani. Kikikomaa kinakaribia nusu milimita.

Kikishiba kinatoka chenyewe, kwa kawaida wakati wa giza, na kuanguka chini. Kinatambaa kwa saa kadhaa kwenye mchanga au mawe, kisha kinajijengea ganda gumu. Hiyo ndiyo tomonti. Ndani ya ganda kinagawanyika na kugawanyika tena, na ganda moja linaweza kutoa vimelea vipya 200 na zaidi. Muda wa kupasuka haulingani hata kidogo: ganda moja hupasuka siku ya 3, la jirani yake siku ya 10, jingine wiki ya nne. Katika majaribio, maganda ya kundi moja yaliwahi kuendelea kupasuka hadi siku ya 72. Ukutani mwa ganda hilo dawa haipenyi kwa kiwango ambacho samaki au matumbawe wangekistahimili.

Vinavyotoka huitwa theronti. Hivi havili kitu. Vinaogelea vikimtafuta samaki, na vikimkosa ndani ya siku moja au mbili vinakufa. Nguvu yao ya kuambukiza hushuka mapema zaidi, baada ya saa 6 hadi 8. Navyo hutoka gizani, kabla ya mapambazuko, wakati samaki wametulia kwenye mashimo yao karibu kabisa na mahali maganda yalipo.

Sasa rudi kwenye siku yangu ya 6. Madoa kumi hayakupona. Vimelea kumi, na vile vya kwenye matamvua ambavyo sikuweza kuviona, vilikuwa vimeshiba na kushuka mchangani. Kumi mara mia mbili ni elfu mbili. Baharini, theronti elfu mbili hutawanywa na mkondo na karibu zote hufa bila kumpata samaki. Tangini kwangu zilizaliwa ndani ya sanduku la kioo lenye lita 400, samaki sita, kila mmoja akilala palepale kila usiku. Tofauti hiyo ndiyo inayogeuza kimelea cha kawaida cha baharini kuwa muuaji tangini.

Kuhusu kitunguu saumu, nasema wazi ninavyoamini: kilichonidanganya ni saa ya kimelea, siyo kitunguu. Ukianza kumpa samaki chochote siku ya 4, iwe kitunguu, vitamini au maji ya dawa inayodaiwa haidhuru matumbawe, siku ya 6 au ya 7 utaona madoa yametoka, nawe utakisifu hicho ulichompa. Nadhani nusu ya tiba zinazosifiwa kwa ugonjwa huu zilipata sifa kwa njia hiyo.

Vivyo hivyo kwa wasafishaji. Watafiti wa Australia walihesabu kwamba samaki msafishaji, Labroides dimidiatus, hula vimelea kama 1,200 kwa siku katika miamba. Lakini vimelea hivyo kwa wingi ni wale wadudu wa jamii ya kamba wanaong’ang’ania juu ya magamba. Hiki kilichojichimbia chini ya ngozi hawakifikii. Kamba wangu wawili walimsafisha kangaja kila siku bila kukosa, wala hakuna kilichobadilika.

Siku ya 15 hadi ya 17

Siku ya 15 amfiprioni mmoja alikuwa na madoa mkiani. Siku ya 16 jioni wote walikuwa nayo isipokuwa mandarini. Kangaja alikuwa kama aliyenyunyiziwa chumvi, matamvua yakipiga mara 130 kwa dakika, ilhali wiki ya kwanza nilikuwa nimeandika 80 kwenye daftari. Hakugusa mwani. Asubuhi kitatange akawa amekufa, bado laini, na nadhani alikuwa amekufa muda mfupi tu kabla sijawasha taa.

Hapo nilifanya jambo moja sahihi. Sikumtupa. Vimelea humwacha samaki aliyekufa mapema sana, kwa hiyo kipimo lazima kichukuliwe palepale. Nilikata kipande kidogo cha tamvua, nikakiweka kwenye kioo na tone la maji ya bahari, nikampelekea mzee mwenye darubini. Tuliona miili ya mviringo, mieusi katikati, ikijizungusha polepole bila kusimama, na nywele zikitetemeka pembezoni. Katika mmoja uliopondeka kidogo ilionekana kiini chenye mafundo manne yaliyoungana kama shanga. Hiyo ndiyo alama ya Cryptocaryon.

Kulikuwa na sababu ya kusumbuka na darubini wakati madoa yanaonekana kwa macho. Kuna ugonjwa mwingine unaofanana nao, wa Amyloodinium ocellatum, ambao wafugaji huuita ugonjwa wa mahameli. Ule hauna punje za kuhesabika. Ni kama vumbi laini la dhahabu linaloonekana ukimulika samaki kwa ubavu, na mara nyingi huanzia kwenye matamvua, hivyo samaki anahema, anakimbia mwanga, anasimama mbele ya pampu, na anaweza kufa ndani ya siku mbili kabla hujaona chochote mwilini. Tena huvumilia maji ya chumvi kidogo sana. Mtu akiuchukulia kuwa madoa meupe ya kawaida na kushusha chumvi, atapoteza tangi zima. Upo pia Brooklynella, unaowapenda amfiprioni na kuwachuna ute kama ngozi inayobambuka. Huo unatibiwa kwa fomalini, na shaba, dawa inayotumika sana kwa madoa meupe, haiumalizi. Na zipo minyoo bapa ya ngozi, ambayo samaki akichovywa dakika tano kwenye maji yasiyo na chumvi, yenye joto na pH sawa na ya tangi, hugeuka myeupe na kudondoka. Dawa yake ni prazikwanteli. Nilimchovya kangaja, nikakagua chini ya beseni kwa tochi. Hakukuwa na minyoo.

Kuchagua tiba

Tangini mwenyewe hapakuwa na la kufanya. Kila kinachoua kimelea hiki kwa uhakika kinaua pia matumbawe, kamba na konokono. Samaki wote watoke, hata asiye na doa. Huyo asiye na doa ndiye anayewatia watu mtegoni. Mandarini ana ute mzito usioonyesha madoa kirahisi, lakini theronti moja ikimpata yeye tu, tangi litabaki na ugonjwa. Vilevile samaki aliyeugua akapona hupata kinga ya kiasi fulani kwa miezi kama sita, akawa mzima kwa macho huku vimelea vichache vikiendelea kuishi kwenye matamvua yake. Nahisi kangaja wangu alikuja hivyo. Wapo pia wauzaji wanaoweka shaba ya kiwango cha chini kwenye mfumo wao wote, kiwango kinachoficha ugonjwa bila kuumaliza.

Njia zilikuwa nne. Kushusha chumvi hadi gramu 15 au 16 kwa lita na kuishikilia hapo kwa wiki tatu na zaidi: maganda hunyonya maji hadi yakaharibika na vimelea vya ndani vikafa, na wengi hufanikiwa, lakini yameripotiwa makundi ya kimelea hiki yanayostahimili chumvi ndogo. Klorokwini: huua vizuri, ila bakteria wa chujio wanaweza kuimeng’enya bila wewe kujua, na sikuwa na njia ya kuipima. Kuhamisha: samaki anapelekwa chombo kingine kilichokaushwa kabisa kisha kutiwa maji mapya, kila baada ya saa 72, mara nne, ili vimelea vinavyodondoka viachwe nyuma kabla havijapasuka, haina dawa, ila inataka vyombo viwili viwili na nidhamu ya saa. Na shaba.

Kwa kangaja, amfiprioni wawili na Halichoeres nilichagua shaba, kwa sababu ningekuwa nimekosea na Amyloodinium naye yumo, shaba ingemkamata pia. Kwa mandarini haikuwezekana. Hana magamba, lakini zaidi ya hapo anakula vijidudu hai tu, na shaba ingewaua chakula chake kabla hajakiona. Yeye angehamishwa.

Halichoeres nilimkamata wa mwisho, siku ya 19, baada ya kungoja ajitokeze mchangani.

Shaba

Tangi la hospitali lilikuwa na maji lita 90, hita, mawe mawili ya hewa na chujio la sifongo. Nilitumia kopa salfeti ya kawaida yenye maji ya fuwele. Robo ya uzito wake, yaani asilimia 25.5, ndiyo shaba yenyewe. Ukiyeyusha gramu 3.93 katika lita moja ya maji safi, kila mililita ya mchanganyiko huo ina miligramu 1 ya shaba. Nilitaka miligramu 0.20 kwa lita, hivyo lita 90 zilihitaji mililita 18. Niligawa kwa siku tatu, mililita 6 kila siku, ili samaki wazoee. Angalia udogo wa vipimo hivi: chini ya 0.15 kimelea kinaendelea, na ukivuka 0.20 unaanza kumwumiza samaki. Ziko pia dawa za shaba iliyofungwa, ambazo hulenga kiwango cha juu zaidi mara kadhaa kwa sababu shaba yake haiko huru. Huwezi kuchukua namba ya dawa moja ukaitumia kwa nyingine. Wengi wameua samaki kwa kosa hilo.

Siku ya 20 jioni kipimo kilisoma 0.19. Siku ya 21 asubuhi kikasoma 0.11. Nilipima tena nikidhani kipimo kimeharibika. Kisha nikaliona: nilikuwa nimeweka jiwe la matumbawe, kavu na safi kabisa, ili kangaja apate mahali pa kujificha. Jiwe la chokaa hunyonya shaba. Kwa muda wote huo dawa yangu ilikuwa ikiingia ndani ya jiwe. Nikalitoa, nikaweka vipande vya bomba la plastiki, na sanduku la mchanga nililomwekea Halichoeres ajifukie nikabadilisha mchanga wake kuwa wa silika usio na chokaa. Siku ya 22 niliongeza mililita 7, shaba ikafika 0.19 na kutulia.

Asubuhi ya siku hiyo amfiprioni mdogo alikufa. Siwezi kuthibitisha kwamba shaba ikishikilia siku mbili mapema angepona, lakini ndivyo ninavyoamini, na jiwe lile sijalirudisha mahali popote penye samaki.

Hesabu ya siku 30 niliianza upya siku ya 22. Hili ni la kushikilia: siku za tiba zinahesabiwa tangu kiwango kilipotulia, na kikishuka hata usiku mmoja, unaanza moja.

Siku tano za kwanza ndizo ngumu kwa roho. Shaba huua theronti peke yake, zikiwa zinaogelea. Trofonti zilizo chini ya ngozi hazisikii kitu. Kwa hiyo kangaja alipata madoa mapya siku ya 23 na ya 24, vimelea vilivyoingia kabla dawa haijatulia vikiwa sasa vimekua vya kuonekana. Mkono ulinivuta kuongeza mililita mbili tatu. Mzee alinikataza kwa ukali: “Usimtibu kwa macho yako, mtibu kwa kipimo.” Siku ya 27 madoa yalitoweka, na safari hii sikumpigia mtu simu ya furaha. Nilipima shaba na kuandika: 0.18.

Tatizo lililofuata lilikuwa amonia. Chujio lilikuwa changa, na siku ya 26 amonia ilifika 0.5. Kuna dawa za kufunga amonia ambazo kila mfugaji anazo kabatini. Zisikaribie tangi lenye shaba, kwani baadhi yake hubadilisha shaba kuwa ya aina iliyo na sumu kali zaidi. Nilibadilisha maji lita 40, na kila ndoo ilipata shaba yake kwanza, mililita 7 na nusu kwa lita zote 40, ili kiwango kisiyumbe. Nilifanya hivyo mara tano ndani ya wiki mbili. Kangaja alianza kula siku ya 25, mwani kidogo, kisha kila siku zaidi kidogo.

Mandarini aliishi kwenye mabeseni mawili ya lita 30. Siku ya 18, kisha 21, 24, 27 na 30. Kila mara alipohama, beseni la zamani, hita yake, bomba la hewa na kikombe cha kumhamishia vilioshwa na kukaushwa kabisa, maana ganda la kimelea halivumilii kukauka. Nilimlisha vifaranga vya atemia, vijidudu vya jamii ya kamba, walioanguliwa siku hiyo hiyo, asubuhi na jioni. Alikonda hadi mgongo ukawa na ukingo. Siku ya 30 nilimweka kwenye tangi dogo lenye kopepodi, vijidudu vidogo vya majini, niliokuwa nimewakuza kwenye chupa kwa ajili yake, na huko alianza kunenepa tena taratibu.

Siku 76

Tangi kubwa lilibaki bila samaki hata mmoja. Kwa sababu ile rekodi ya siku 72, nilihesabu 76, tangu siku ya 19 hadi ya 95. Watu huniuliza kama siku 30 hazitoshi. Mara nyingi huenda zikatosha. Lakini kwa aliyezika samaki wawili, “mara nyingi” ni neno dogo, na hapakuwa na hasara yoyote kwa matumbawe kusubiri. Joto lilibaki nyuzi 26, kwa kuwa maji yakipoa maganda nayo huchelewa zaidi. Nilitupia chembe ya chakula kila baada ya siku mbili ili kamba wale na bakteria wa mawe wasife njaa.

Katika muda huo hatari ni mikono. Wavu uliotoka tangi moja kwenda jingine, tone la maji kwenye kiwiko, konokono mpya aliyebeba ganda kwenye gamba lake. Kamba na konokono hawaugui, lakini tomonti hujibandika popote penye ugumu, hata kwenye tako la kipande cha matumbawe. Hivyo vipande vyangu vyote vya matumbawe navyo vilitengwa muda uleule.

Siku ya 52 niliwahamisha samaki watatu kutoka kwenye shaba kwenda tangi jingine safi lisilo na dawa. Hakukuwa na haraka ya kuwarudisha, hivyo siku 43 zilizobaki zilikuwa za kuwachunguza: ikiwa tiba ilikosa kitu, kingejitokeza huko na si kwenye tangi kubwa. Hakikujitokeza. Siku ya 95 walirudi wote wanne. Halichoeres alijifukia mchangani dakika ileile.

Sasa nafanya hivi

Tangi la karantini halifanyi kazi nyingine yoyote. Liko zaidi ya mita 3 kutoka tangi kubwa, lina wavu wake, ndoo yake, taulo lake, na nalihudumia mwisho, baada ya tangi kubwa. Kila samaki mpya hupitia humo siku 30 kwa uchache, na shaba inaanza hata kama haonyeshi dalili, isipokuwa wale wasioivumilia, ambao nawahamisha kila saa 72. Wapo wanaopinga kumpa dawa samaki asiyeonekana mgonjwa, na naiheshimu hoja yao. Kumtazama tu bila dawa nako kunafaa, mradi mtu awe na macho makali na subira ya wiki sita. Mimi nimeona jinsi kangaja mzima anavyoweza kuwa na kilichojificha.

Kila asubuhi, kabla taa kuu hazijawaka, namulika kwa tochi na kuhesabu pumzi za samaki mmoja mmoja kwa nusu dakika. Namba hizo ndizo zilizonisaidia zaidi kuliko madoa, kwa sababu matamvua huugua kabla ngozi haijasema lolote.

Leo kitatange mwingine yuko siku ya 11 ya karantini. Shaba 0.19, pumzi 84. Juzi alijikuna mara moja kwenye bomba, na nimeliandika.